Fundo la Mjomba

Sogea, unisikilize. Nitakueleza taratibu, ingawa jambo lenyewe halijaacha kunichemsha damu tangu nilipokuwa msichana wa Mlingotini, vita vikubwa vya pili vikiwa vimekwisha punde.

Asubuhi ile maji yalikuwa yamekupwa. Mimi na dada yangu mkubwa, aliyekuwa amekwisha kuposwa, tulikuwa tukikokota tando, zile nguo tunazovulia majini, pamoja na wanawake wenzetu, tukitafuta uduvi, dada alipomkanyaga taa, yule samaki bapa mwenye mwiba wa sumu mkiani. Mwiba ukampiga kisigino. Maumivu ya taa hayana mfano. Dada alikaa palepale majini akalia. Jirani yetu akamtania, huku akimwinua, "Nyamaza, bibi harusi. Taa naye kakuposa." Hata dada alicheka kidogo.

Tulipomfikisha nyumbani, mjomba, kaka yake mama, alitoa mshipi wake wa kuvulia, akauzungusha chini ya goti huku akisoma, akaukaza mpaka ukazama kwenye nyama.

"Fundo hili asilifungue mtu," akasema. "Nimelifunga kwa kisomo, na nitalifungua mimi mwenyewe."

Kwetu fundo la kisomo liliogopwa hivyo. Aliyelifunga ndiye alifunguaye. Mwingine akiligusa, sumu hupanda moyoni. Basi mjomba akajitwika tenga lake la samaki, akaenda zake Bagamoyo sokoni.

Adhuhuri mguu ulikuwa umevimba na kuwa wa zambarau. Dada akamwomba mama aukate ule mshipi. Mama alichukua kisu, akakirudisha, akakichukua tena. Alimpenda mwanawe, nawe usimlaumu. Aliambiwa kisu kile kingemuua. Baadaye dada akaacha kulia, akasema hausikii tena mguu wake. Wanawake wakashukuru, wakidhani dawa imeingia.

Mjomba alirudi alasiri. Kumbe samaki walikwisha mapema. Muda wote huo alikuwa barazani kulekule Bagamoyo akinywa kahawa na wenzake. Alipofungua fundo, nilishika unyayo wa dada. Ulikuwa wa baridi kama samaki.

Tulimbeba kwa kitanda cha kamba hadi hospitali. Daktari alitueleza kwamba sumu ya taa huumiza sana, lakini kilichoua mguu ule ni mshipi, kwa kuzuia damu. Sumu yenyewe ingetulizwa na maji ya moto. Na maji ya moto yalikuwepo! Sufuria ya viazi ilikuwa ikichemka jikoni kwetu muda wote ule.

Wakaukata mguu. Uchumba ukavunjika. Na mjomba, mpaka anazikwa, alisifiwa kwamba alimwokoa mpwa wake. Hilo ndilo siwezi kulimeza.

Kwa hiyo lishike neno langu, mwenzangu, wala usiogope, maana ni jambo rahisi. Mtu akichomwa na taa, usimfunge kitu. Tia maji ya moto katika beseni, uyajaribu kwanza kwa mkono wako mwenyewe yasije yakamuunguza, kisha atumbukize mguu humo mpaka maumivu yapungue. Mwiba uliozama ndani uache, umpeleke hospitali.