Kidimbwi cha Mwalimu

Kasimiri alikuwa fundi baiskeli pale Kawajense, na pia alikuwa mtunzi wa nyimbo za kanisa, lakini Mpanda nzima waliomjua kwa kazi hiyo ya pili walikuwa wachache. Alizaliwa Mpimbwe kwenye familia ya wakulima wa mpunga, akajifunza nota kwa katekista mmoja wa huko, na kwa miaka thelathini alikuwa akizijaza kwenye madaftari ya hesabu, yale ya vyumba vyumba. Kwaya zilizoimba nyimbo zake zilifika hadi parokia za mbali. Ila karatasi zilikuwa zimetolewa nakala ya nakala mpaka jina la mtunzi pale juu likabaki doa jeusi. Hakulalamika hata siku moja, ingawa jambo hilo lilimkaa rohoni.

Ndiyo maana Mercy alipofika kibandani kwake mwezi wa nne na kumwita mtunzi, Kasimiri aliiweka chini pampu na kunawa mikono.

Mercy alikuwa binti wa Dar es Salaam. Aliandikia tovuti moja iliyokuwa ikiwauliza wasanii wa miji mbalimbali duniani wataje sehemu wanazozipenda kwao, sehemu ambazo mgeni hawezi kuzijua mpaka aonyeshwe. Alimwonyesha kwenye simu mchoraji wa Lisbon, mshona nguo wa Dakar, mpiga gitaa wa Havana, kila mmoja na picha yake na mahali pake. Sasa walitaka miji ambayo haiandikwi na mtu. Parokiani wakamwambia, nenda kwa Mwalimu Kasimiri.

Kasimiri alianza na meza ya chai ya Romana sokoni Kashaulili. Akataja stesheni, siku treni ya Tabora inapoingia na watu wanashuka na magunia na kuku. Mercy aliandika, lakini polepole, na Kasimiri akaona mwenyewe kwamba chai na stesheni ziko kila mji. Ndipo binti akauliza nyimbo anazitungia wapi.

Jibu la swali hilo alikuwa amempa mkewe Natalia peke yake.

Kulikuwa na kidimbwi mbele ya Shanwe, mwendo wa saa nzima kwa baiskeli, mahali ambapo kijito kinazunguka nyuma ya kilima na maji yanatuama. Viboko walishinda humo. Kila Jumamosi asubuhi Kasimiri aliegesha baiskeli kwenye mninga, akapanda juu ya mwamba ulioinuka kama paa la nyumba, akakaa na daftari lake magotini akiwasikiliza. Walipumua, wakanyamaza, kisha mmoja akaanza kuguna na wengine wakampokea. Sauti zote za besi alizowahi kutunga zilitoka pale. Alipokuwa akimweleza Mercy alijikuta anaonyesha kwa mikono namna mguno unavyoshuka, na Mercy akawa anaandika haraka bila kuinua kichwa.

Kesho yake alimpeleka. Mercy alipiga picha juu ya mwamba, halafu, kabla Kasimiri hajasema neno, akateremka hadi ukingoni mwa maji. Maji yalikuwa mengi na viboko walikuwa katikati, masikio tu yakionekana. Kasimiri alisimama juu akihesabu vile vichwa mpaka binti alipopanda tena.

"Si hatari hapa, Mwalimu?" Mercy aliuliza.

Kasimiri aliogopa jambo moja tu. Aliogopa kwamba akisema ukweli, mahali pake pataachwa, au pataandikwa kama pori la wanyama wakali na yeye kama mshamba anayeishi nao.

"Wamezoea watu," alisema.

Habari ilitoka mwezi wa sita. Kijana wao wa kwanza, Erasmus, aliituma kutoka Mwanza anakofanya kazi, na Natalia akaisoma kwa sauti jikoni. Jina la Kasimiri lilikuwa juu kabisa, herufi nzito, pamoja na picha yake mwambani. Kidimbwi kisichokuwa na jina Mercy alikiita Kidimbwi cha Mwalimu. Natalia alisoma hadi mwisho, akarudi juu, akasoma tena.

"Baba Erasmus, mbona hawajaandika kwamba unakaa juu, hushuki?"

Kasimiri alimjibu kwamba watu wana akili zao. Natalia alimrudishia simu na kuendelea kuchambua mchele.

Watu wakaanza kwenda. Kwanza walimu wawili wa sekondari, halafu maharusi na wasimamizi wao, halafu vijana wa kupiga picha kila Jumapili, mpaka madereva wa bodaboda wakawa wanaijua njia bila kuuliza. Kasimiri alikuta chupa za soda kwenye mwamba na majina yamechorwa kwenye gome la mninga. Ilimuudhi, na ilimfurahisha pia. Wateja waliomletea pancha walimwuliza kama ndiye yeye, naye alijibu ndiye. Jumamosi zake akaziacha kwa sababu ya kelele.

Alirudi mara moja tu, mwanzoni mwa mwezi wa tisa. Kiangazi kilikuwa kimekula nusu ya maji. Viboko walibanana kwenye tope wakigombana, na dume mmoja, mwenye majeraha mabichi ubavuni, alikuwa amefukuzwa na wenzake. Alikuwa amelala nje, ndani ya matete, hatua chache kutoka pale watu walipozoea kusimama kupiga picha. Kasimiri aliteremka upande wa pili wa mwamba kimya kimya, na njia nzima alipanga maneno ya tangazo la kanisani.

Jumapili ile kulikuwa na harambee ya bati, matangazo yakawa marefu. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kwaya na karatasi mfukoni. Alifikiria watu watakavyosema, kwamba Mwalimu alipasifia mwenyewe na sasa anapakataza, na karatasi ikabaki mfukoni.

Katika kwaya yake alikuwemo Minza, sauti ya pili, binti wa Mabula. Mabula alikuwa Msukuma aliyeshuka na ng'ombe wake kutoka Shinyanga miaka kumi na tano iliyopita na kujenga nje ya mji. Minza alisuka nywele saluni Kashaulili, na alibatizwa ukubwani kwa hiari yake. Nota hakuzijua. Aliimbiwa sauti mara moja, akaishika, na wenzake wakajishikiza kwake. Kasimiri hakuwahi kumsifu mbele za watu, lakini alipotunga sauti ya pili alikuwa akiisikia kwa koo la Minza.

Siku ya mazoezi Minza alimfuata akauliza kama kweli ule wimbo wa komunyo ulitungwa kule kidimbwini. Kasimiri akakubali. Minza akasema basi Jumapili ataenda na rafiki yake Suzana wakapaone. Kasimiri alikuwa anagawa karatasi, watu kumi wanamwongelesha kwa pamoja.

"Nendeni mapema," alimwambia, akageukia mwingine.

Walikwenda mchana, baada ya misa na chakula. Suzana alisimulia baadaye kwamba hawakuona chochote. Minza alisimama akiwa ameyapa matete mgongo, maji yakiwa mbele yake, na alikuwa anaimba wimbo wenyewe kwa mzaha huku Suzana akirekodi. Dume hakuguna. Matete yalifunguka tu. Suzana alikimbilia mwambani, na alipogeuka, aliyoyaona hakuyasimulia kwa mtu, hata kwa padri.

Dereva wa bodaboda aliyewapeleka alipita Kawajense akitangaza habari. Kasimiri aliinuka, akakaa tena.

Msiba ulikuwa nyumbani kwa Mabula, na kaburi likachimbwa palepale bomani, nyuma ya zizi. Wanakwaya waliomba waimbe wimbo wa komunyo kwa kuwa Minza aliupenda. Kasimiri aliuongoza. Sauti ya pili ilipofika mahali pake pa kupanda, wasichana walipotea wote, na yeye akaendelea kupunga mkono mbele ya kimya kile mpaka besi ilipoingia. Watu walimpa mkono na kumpa pole kwa kumpoteza mwimbaji. Alizipokea pole zote.

Siku ya pili askari wa wanyamapori walimpiga risasi yule dume, na watu wakatoka mjini na ndoo na mapanga. Jirani alimletea Natalia kipande kwenye sahani. Natalia alishukuru, akasubiri jirani aondoke, akakizika nyuma ya choo.

Kasimiri alimpigia Mercy simu na kumwomba aitoe ile habari. Mercy alikuwa ameshasikia, na alikuwa analia.

"Lakini Mwalimu, mimi nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza," Kasimiri alijibu.

Habari iliondolewa baada ya siku mbili, ingawa picha zilikuwa zimeshasambaa kwenye simu za watu, na jina la kidimbwi halikuondoka.

Wiki ya tatu alikwenda kwa Mabula peke yake. Alimkuta ameketi kwenye kigoda akisokota kamba ya ndama. Kasimiri alimsimulia yote mfululizo: swali la Mercy na jibu lake, dume aliyemwona kwenye matete, karatasi iliyobaki mfukoni. Alipomaliza, mzee aliendelea na kamba yake hadi ilipofika mwisho, akafunga fundo.

"Wewe mwenyewe ulikuwa unakaa wapi?" aliuliza.

"Juu, kwenye mwamba."

"Miaka yote?"

"Miaka yote."

"Na yeye hukumwambia."

"Sikumwambia."

Mabula aliinuka akaenda kumfunga ndama. Hakurudi kukaa, wala hakumfukuza. Kasimiri alisubiri mpaka jua lilipomfikia pale alipokuwa, kisha akaondoka bila kuagwa.

Kwaya alimwachia Alex, kijana wa besi. Alitoa sababu ya kifua, na paroko hakumhoji. Natalia ndiye aliyekuwa anajua kwamba hajafungua daftari tangu msiba. Siri aliyompa Mabula haikudumu. Mabula hakusema, lakini Kasimiri mwenyewe alianza kuwaeleza watu, wateja wa pancha, wageni, yeyote aliyetaja kidimbwi, na baadhi yao wakaanza kupeleka baiskeli kwingine kwa sababu habari ile iliwachosha.

Mvua zilipoanza, Mabula alikuja kibandani. Mashamba yalikuwa yameyabana malisho, alisema, na wanawe wameshatangulia kusini na ng'ombe. Yeye anaondoka Alhamisi na mama yao. Boma amemwachia mtu wa kulima mahindi, na mtu huyo si ndugu. Hatajali kitu kilichoko nyuma ya zizi.

"Kaburi halihami," Mabula alisema. "Nimetafuta wa kumwachia. Waliompenda watakuja mara mbili, watachoka. Wewe hutachoka."

Hakusema kwamba amemsamehe, na Kasimiri hakuthubutu kuuliza. Alikubali kwa kichwa. Mabula alimtakia kazi njema kama anavyomtakia mtu yeyote, akashika njia.

Tangu hapo Kasimiri huenda kila Jumamosi, na jembe limefungwa kwenye keria. Udongo wa zizi una samadi nyingi, na katika msimu wa mvua majani huota kwa nguvu pale kuliko mahali pengine popote. Huinama, akalima kuzunguka kaburi, akakung'uta mzizi mmoja mmoja na kuutupa mbali. Mwenye mahindi humsalimia kutoka shambani kwake. Wiki inayofuata hukuta majani yamefika tena magotini.