Nywele za Mkono wa Chuma

Asubuhi ya mwisho iliyokuwa kama asubuhi nyingine, mume alisimama nyuma ya kiti cha jikoni alichokalia mkewe, akamtenganisha nywele kwa mpini wa kitana na kumdondoshea dawa utosini. Mkono wa fundi wa kuchomelea ni mzito.

"Polepole, mzee. Huchomelei geti hapo."

"Tulia basi. Matone yanakimbilia shingoni."

Mkewe alikuwa msusi. Wateja walimwita Mkono wa Chuma, maana alikaza misuko hadi mtu akashindwa kufumba macho. Kichwa chake mwenyewe alikikaza zaidi, kiwe tangazo. Mganga hajigangi. Nywele za mbele zikang'oka, paji likapanda mpaka karibu na utosi, akawa havui kilemba hata kitandani.

Daktari alimpa dawa ya matone, akamwambia apake kidogo asubuhi na jioni. Msusi mzima aambiwe kidogo? Alijimwagia na kusugua kama mafuta. Moyo ukamwenda mbio mpaka akakaa chini, na mashavuni zikamwota nywele.

"Karibu kwenye chama cha wenye ndevu," mumewe alimwambia. Alirushiwa kandambili.

Akarudi kwenye kipimo. Kwanza hata zile zilizobaki zikadondoka. Daktari alikuwa amemwonya, lakini alilia, akaibamiza chupa ukutani. Wakanunua nyingine. Miezi ikapita. Siku moja mumewe akaziona: fupi, laini, kama za mtoto mchanga. Alimshika kidole akamgusisha.

Basi asubuhi ile alikwenda saluni kichwa wazi.

Yaliyofuata walisimulia wasusi wenzake. Mteja alikuwa kitini, amesukwa upande mmoja. Mume wa huyo mteja akaingia bila salamu, akaikamata misuko, akamvuta mkewe hadi sakafuni na kumpiga mateke ya mbavu.

"Mwache!" alisema Mkono wa Chuma. "Hicho kichwa sijakimaliza."

"Nyamaza, kipara wewe!"

Akamzaba kofi. Kwenye jiko la pembeni palikuwa na sufuria ya maji yanayochemka, ya kuchovyea ncha za misuko. Mkono wa Chuma aliinyanyua, akammwagia yote kifuani. Yule mtu alilia kama ng'ombe machinjoni. Kisha yeye akaokota kigoda cha chuma, akampiga nacho Mkono wa Chuma kichwani. Akapiga tena. Damu iliruka hadi kwenye vioo. Wasusi wakamshukia yule mwanamume na pasi za nywele, na vigoda, na meno, mpaka akalala.

Mumewe alifika hospitali na mavazi ya kazini. Alimkuta macho yamefunguka, shuka limelowa damu. Jeraha lilianzia kwenye paji likapanda, palepale penye nywele changa. Daktari alimvuta pembeni akamwambia kichwa kinavujia ndani. Kabla jua halijazama mkewe alikuwa amekata roho.

Lakini kabla ya hapo akili zilikuwa zake bado, muuguzi alipokuja na wembe anyoe sehemu ya mbele ili ashone. Mkono wa Chuma alimdaka kifundo cha mkono. Muuguzi alijaribu kujinasua, akashindwa.

"Shona hivyohivyo, mwanangu. Kichwa nilipewa bure, nywele hizi nimezihangaikia."