Muziki Usiochezeka

Santuri za Bwana Koros zilinuka viazi. Hata baada ya Baba kuzipangusa kwa spiriti, ukitoa moja kwenye jalada lake pua ilikutana kwanza na udongo mbichi wa Molo, kisha ukungu wa karatasi iliyokaa gizani. Santuri za Baba zilinuka sebule yetu ya Nakuru: mafuta ya taa, chai ya maziwa, na lile vumbi jeupe linalopeperushwa kutoka ziwani wakati wa kiangazi na kuingia hata ndani ya sukari. Baba alikuwa na duka la vipuri vya baiskeli, na baada yetu sisi, mapenzi yake yote yalikuwa rumba na benga. Kila Jumamosi alasiri alifunga duka mapema, wenzake waliokusanya santuri wakaja nyumbani, na kazi yao ilikuwa moja tu: kubishana. Nao walijua kubishana. Hukuruhusiwa kusema wimbo ni mzuri ukaishia hapo. Ilibidi uonyeshe ni mzuri wapi, na ni mpiga gitaa gani aliyeharakisha. Mama alipitisha chai huku mabega yakicheza yenyewe. Ikiwekwa rumba yake aliyoipenda, Baba alimpokonya birika akaliweka chini, wakacheza papo hapo katikati ya viti. Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikiona aibu mpaka nafunika uso. Aibu ile naitamani sana siku hizi.

Bwana Koros ndiye aliyetuletea balaa la jazi huru. Alikuwa na lori la kubeba viazi, na mzungu mmoja wa huko Molo alipouza vyombo vya nyumba ahame, Koros alinunua kabati akalikuta limejaa santuri. Ulikuwa muziki ambao kila mpigaji anashika njia yake: hakuna mdundo wa kufuata, hakuna kiitikio, saksafoni inapiga mayowe na dramu ni kama masufuria yanayoanguka kutoka rafuni. Majina ya wapigaji yalitushinda, kwa hivyo tukawapa ya kwetu kwa kuangalia picha za majalada. Miwani alipiga piano. Kofia alipiga saksafoni, na huyo ndiye aliyemkosesha Baba amani. “Huyu mtu anagombana na saksafoni yake,” alisema, “na saksafoni ndiyo yenye haki.”

“Wewe Baba Wambui unataka muziki ukushike mkono kama mtoto anayevukishwa barabara,” Koros alimjibu, akimwita kwa jina langu kama kawaida. “Huyu anakuacha uvuke mwenyewe.”

“Nigongwe na lori.”

“Ukigongwa, angalau utakuwa umesikia kitu.”

Koros alishikilia kwamba upande wa pili wa santuri ya Kofia, pale anapoachwa peke yake mpaka unasikia anavyohema, ndio muziki wa kweli kuliko wote uliokuwa katika sebule ile. Alisema mtu akishashuka mteremko wa Salgaa na lori lenye mzigo kamili, breki zimemkatalia, hahitaji tena kuelezwa Kofia anataka nini. Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nadhani hakuna mtu aliyempenda Koros kumshinda Baba, na hakuna muziki aliouchukia kuushinda ule.

Msimu huo wa mvua, ndugu yangu mdogo, Kamau, alilazwa na homa ya uti wa mgongo. Baba, mtu wa kwenda kanisani Krismasi kwa Krismasi, alipiga magoti kando ya kitanda chake mbele ya washirika waliokuja kuomba, akasema mtoto akipona ataokoka na kuacha muziki wa dunia. Kamau akapona. Sitaki mtu aniambie Baba alidanganywa. Nilikuwepo, nilimwona alivyombeba kumleta nyumbani. Ahadi ilikuwa yake.

Ila wazee wa kanisa hawakutaka kuhukumu bila kusikia. Walikuja watatu, wakaketi kwenye viti vya wabishi wetu wa Jumamosi, wakanywa chai ile ile. Rumba ya kwanza haikuwa imefika mbali mguu wa mwenyekiti wao ukaanza kugonga sakafu. Aliutazama, akaurudisha chini ya kiti. “Umeona?” akamwambia Baba, na sauti yake ilikuwa ya huzuni kabisa. “Hii inavuta mtu.” Basi zikaenda hivyo, moja baada ya nyingine, mpaka ikabaki santuri ya Kofia ambayo Baba alikuwa ameazimwa na Koros. Waliisikiliza upande mzima. Mmoja aliuliza kama gramafoni imeharibika. Hakuna aliyetikisika. “Hii ibaki,” mwenyekiti akaamua. “Hakuna mtu anaweza kucheza hii. Hata shetani.”

Zile nyingine zilichomwa nyuma ya kanisa Jumapili, na Baba alizibeba mwenyewe. Mama alisimama pembeni na Kamau mgongoni. Sikumwona akicheza tena maishani mwake, na hilo linanichoma mpaka leo kuliko santuri zenyewe.

Jumamosi iliyofuata Koros alifika na kabati lote ndani ya lori. “Nyumba isikae kimya, Baba Wambui,” alisema. “Hizi wamekuruhusu.” Wale wengine waliacha kuja polepole, kwa kuwa hawakuwa na la kujia. Koros aliendelea. Baba naye alijitahidi jamani. Alimwomba amrudishie pale, na pale tena, akajua Miwani anaingia wapi na Kofia ananyamaza lini. Alijua kila kitu isipokuwa kuzipenda. Koros alipomuuliza ameionaje, Baba alijibu kwa adabu, “Ni nzuri.” Hapo ndipo uso wa Koros ulipokuwa ukianguka. Alikuwa amempa rafiki yake santuri zote, akampoteza mtu wa kubishana naye.

Koros na Mama sasa ni marehemu. Siku hizi muziki wote umo mfukoni, na mtu akitaka kubishana anaandika maneno mawili kwenye simu akaenda zake. Mwezi uliopita kijana mmoja mkusanyaji alitoka Nairobi kuja kuliona kabati letu, kwa maana habari zake zilikuwa zimemfikia. Alishika santuri ya Kofia kwa ncha za vidole. “Mzee, hii watu wanaitafuta dunia mzima,” alisema, akatueleza kwa kirefu kwamba Kofia alikuwa kama nabii. Kisha akauliza, “Kati ya hizi zote, gani ndio unapenda zaidi?”

“Haiko hapa,” Baba akamwambia, akaitaja ile rumba ya Mama.

Kijana akabonyeza simu yake mara moja. “Iko hapa, mzee. Nikuwekee?”

Baba hakumtazama. Alimtazama Kamau, mwanamume mzima mwenye ndevu, aliyekuwa amempakata mwanawe kando ya dirisha. Alimtazama kama mtu anayesubiri homa ishuke.

“Wacha tu,” Baba akasema. “Huyu bado yuko hai.”