Risiva ya Adoyo na kicheko cha nyuma ya bati

Saa tisa alasiri, Mkuyuni jijini Mwanza. Adoyo Odongo anashusha pazia la mlangoni, giza linaingia kwenye kibanda chake cha sinema, na watu waliokuwa wakigombea mabenchi ya mbele wananyamaza. Anashika maiki. Kabla ya kuwasha picha, anagonga bati la ukuta wa kushoto kwa kiganja.

"Dada Hellen, upo?"

"Nipo, Mama Favour," inajibu sauti kutoka nje. "Mafuta yameshapata moto. Anza tu."

Ndipo sinema inapoanza. Hellen, mwenye sauti hiyo, anakaanga sato upande wa pili wa bati. Hajawahi kuingia ndani ya kibanda hiki hata siku moja, maana samaki hawajikaangi wenyewe, lakini hakuna sinema iliyompita. Anazisikiliza. Akicheka yeye huko nje, walioko ndani hucheka mara ya pili.

Adoyo, mama wa watoto watatu anayeishi Mkolani, anafanya kazi ya kuzisemea sinema za kigeni kwa Kiswahili, papo hapo, picha ikiwa inatembea. Jambazi ni yeye, mrembo ni yeye, mbwa akibweka naye ni yeye. Akiona wazee wa Kisukuma benchi la nyuma, shujaa wa Kihindi huingia mlangoni na kusalimia "mwadila" kama amezaliwa Magu.

Je, Kihindi anakijua? Anacheka. "Neno moja sijui. Naiangalia asubuhi nyumbani peke yangu, nasoma nyuso. Mtu akimdanganya mkewe, uso wake unafanana dunia nzima."

Kipaji hicho kilianzia Rorya, mkoani Mara, kwenye familia ya wavuvi. Bibi yake alikuwa hajui Kiswahili, hivyo mhubiri akija kutoka mjini, Adoyo alimfasiria kwa Kijaluo. "Nikiona bibi anasinzia, naongeza chumvi kidogo," anasema. "Tukirudi nyumbani anasimulia mahubiri ambayo kanisa zima hakuna mwingine aliyeyasikia."

Kiingilio chake ni shilingi mia tano. Siku nzuri hupata elfu ishirini, na siku ya mvua huambulia nauli ya kurudi nyumbani. Anajua vizuri watu wanalipia nini. "Sinema yenyewe kila mtu anayo kwenye simu. Hapa wanalipia mdomo wangu. Mdomo ukizimika, nafunga."

Na mwezi uliopita mdomo huo ulikaribia kuzimika. Umeme ulikatika katikati ya sinema, ukarudi kwa kishindo, na risiva ikatoa moshi. Risiva ndiyo mashine inayopokea sauti ya picha na ya maiki, kuzikuza na kuzipeleka kwenye spika. Ilikuwa imemtumikia tangu alipofungua kibanda. Fundi aliifungua, akainusa, akaifunga tena, akamrudishia.

Kwa siku kadhaa Adoyo alifanya kazi kwa koo lake tu. Mabenchi yalisogezwa mbele hadi magoti yakagusa televisheni. Waliokaa nyuma walianza kuuliza "amesemaje?", waliokaa mbele wakachoka kuwajibu, na wateja wakapungua. Nje, Hellen hakusikia kitu.

"Nilikaanga samaki kama niko msibani," anakumbuka.

Adoyo alikuwa na laki mbili za akiba. Alipita madukani akaona mashine za laki tano, za laki nane, akazisalimia akapita. Kwa Elias, muuza vyombo vya umeme vipya na vilivyotumika, alikuta risiva mpya ya bei anayoiweza: nyeusi, inang'aa, ina taa zinazobadilika rangi kufuata mdundo. Elias aliiwasha na chupa za soda mezani zikaanza kutembea.

"Mama, hii ndiyo yenyewe. Sikia besi hiyo," alimwambia.

Bahati nzuri Elias ni mtu mwenye imani. Alimruhusu akaijaribu kibandani siku moja kwa amana kidogo, wakikubaliana kwamba isipomfaa atairudisha.

Siku hiyo kibanda kilijaa. Shimba, mbeba mizigo wa sokoni na mteja wa kila siku, alicheza hata kwenye tukio la mazishi. Mabati yalitetemeka, misumari ikaimba, vijana wakasema sasa Mama Favour ameingia mjini. Adoyo mwenyewe, ni lazima isemwe, alilewa sifa.

Picha ilipoisha aligonga bati kama kawaida, aulize sinema ilikuwaje. Kimya. Akatoka nje kumfuata Hellen jikoni kwake.

"Kumbe leo mlikuwa na sinema?" Hellen alimuuliza. "Mimi nilijua kuna harusi. Nimesikia ngoma tu, wewe sijakusikia."

Adoyo anasema maneno hayo yalimwingia. Aliwauliza wateja, mmoja mmoja, mwisho wa sinema ulikuwaje. Wote walisifu muziki. Hakuna aliyejua kwa nini yule dada wa kwenye sinema alimwacha mchumba wake, na sehemu hiyo Adoyo aliitengeneza asubuhi nzima.

"Nikaona nikinunua hii, watu watakuja, ila mimi sitakuwepo," anasema.

Akairudisha. Elias alishangaa mtu kukataa besi, jambo ambalo Mwanza si la kawaida. Adoyo akaangalia huku na huku, macho yakatua kwenye risiva kuukuu pembeni, juu yake feni. Kitufe cha sauti ya picha kilikuwa kimepotea, mahali pake pamegundishwa kifuniko cha soda. Taa hakuna. Ilitoka kwa kwaya moja iliyonunua mpya.

"Hiyo naona aibu kukuuzia, mama," Elias alisema. "Mimi naitumia kuwekea feni."

Lakini mbele ilikuwa na matundu mawili ya maiki, kila moja na kitufe chake, mbali na kitufe cha sauti ya picha. Maana yake Adoyo angeweza kuishusha ngoma na kuipandisha sauti yake. Kwaya walijua walichokuwa wanataka. Naye akaomba akaijaribu vilevile.

Kesho yake aliweka sinema ya mume aliyetoroka nyumbani akarudi baada ya miaka mingi. Mke anafungua mlango, wanatazamana, vinanda vinalia. Shimba alikuwa ameshaanza kununa kwa kukosa besi. Adoyo akazungusha kifuniko cha soda kushusha vinanda, akasogeza maiki mdomoni, akawa mke:

"Umerudi? Na sufuria ya jirani uliyoondoka nayo iko wapi?"

Kisha nyuma ya bati Hellen akacheka, kicheko kirefu cha mtu aliyeacha samaki waungue, na kibanda kizima kikaangua kicheko juu ya chake. Shimba alicheka mpaka akashika ukuta. Adoyo anasema alishindwa kuendelea kwa furaha, na mume wa watu akabaki mlangoni anasubiri apewe sauti ya kujibu.

Risiva ile aliipata kwa laki moja na ishirini. Kwa chenji iliyobaki alitaka kumfanyia Hellen wema: akate bati, aweke kidirisha, naye aone picha. Hellen alikataa katakata.

"Sinema zote hizo, jambazi, mrembo, mpaka askari, kwangu mimi wana sura ya Mama Favour," anaeleza akigeuza samaki. "Mkinifungulia dirisha, si nitawapoteza wote?"

Adoyo aliposikia hivyo, anakiri, alienda kufuta macho nyuma ya televisheni. Kisha akabadili mpango. Pesa ya dirisha anaiongezea ili kabla ya Krismasi anunue maiki ya pili, waya wake upite kwenye tundu la msumari hadi jikoni kwa Hellen, awe anamjibu Adoyo kwa kusikia tu, ili wanawake wa kwenye sinema wapate sauti yao wenyewe.

"Tundu la pili la risiva limekaa bure," anamwambia mwandishi. "Na yeye amenisikiliza miaka yote. Sasa na mimi nimsikilize."

Bati linagongwa kutoka nje.

"Nimesikia," anasema Hellen. "Nimekubali. Ila nisipewe yule anayekufa mapema, mimi nipo hapa na samaki wangu mpaka jioni."