Mikono ya Kuka

Juzi gari langu lilizima pale Kanduyi, hatua chache kutoka uwanjani, katikati ya watu wanaouza nyanya na viatu. Kijana wa gereji akaja mbio na kifaa cha mkononi chenye kioo. "Usijali madam, hii ni sensa ya injini tu, bana." Akafungua boneti. Ndani nikaona mfuniko mweusi wa plastiki uliofunika kila kitu, kama sufuria ya sherehe ambayo hujaruhusiwa kuchungulia. Nikapeleka mkono bila kufikiri, nikatafuta pa kuushika, sikupata. Kijana akanitazama. "Ati madam pia ni fundi?"

Nikacheka, rafiki yangu, lakini nilikuwa nimeshafika mbali. Nilikuwa nje kidogo ya Kitale, asubuhi ya ukungu, nimesimama juu ya kreti la soda, nimeinama ndani ya injini ya gari la Kiingereza, na nyuma yangu sauti inasema, "Polepole, mama. Usilazimishe nati."

Sauti hiyo ilikuwa ya babu yangu, ambaye sote tulimwita Kuka. Alikuwa dereva wa mzungu mwenye shamba, na mzungu aliporudi kwao alimwachia gari lake dogo jeusi, la mviringo mgongoni kama kobe. Kuka aliliendesha miaka mingi. Kisha upande wake wa kulia ukapooza. Mguu ukawa wa kuburuta, na mkono wa kulia ukalala kwenye paja lake kama kitu alichoombwa akishikilie kwa muda. Kulikuwa na mafundi mjini, lakini Kuka alisema wote wanatumia nyundo.

Mimi nililetwa kwake baba yangu alipofariki. Mama alikuwa anatafuta chumba Bungoma na mahali pa kuuzia mitumba, na ikasemwa nitakaa Kitale likizo moja tu. Kuka akaangalia vidole vyangu, akaona ni vyembamba, vinaweza kupita nyuma ya kabureta. Likizo ikaisha, nikaandikishwa shule ya jirani. Nikawa mikono yake. Sisemi hivyo kwa mapambo, yeye mwenyewe ndivyo alivyowaambia wageni: "Huyu ndiye mikono yangu."

Kila asubuhi kabla ya shule, na kila jioni baada yake, alikaa kwenye kiti chake kando ya kibanda cha gari, koti refu mabegani, naye akinituma. Pima oili. Chomoa kile kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena; mara ya kwanza huwa kinadanganya. Ongeza maji ya rejeta, ambayo yeye aliita "lejeta", kama alivyosema "kabuleta" hadi siku ya kufa. Bonyeza fanbelti kwa kidole gumba, uone inalegea kiasi gani. Chomoa plagi, utazame rangi: ikiwa nyeusi kama masizi ya jikoni, injini inakunywa petroli nyingi mno, ikiwa nyeupe, inaunguza, ikiwa rangi ya chai ya maziwa, iache, ina afya.

Alinifundisha kuwa ndani kuna silinda nne zimesimama pamoja, na kila moja hufanya kazi ileile kwa zamu: inavuta, inabana, inalipua, inatoa. Lakini zamu haziendi kwa mstari. Moja, tatu, nne, mbili. Niliruka kamba kwa mpangilio huo shuleni, na wenzangu wakaukariri bila kujua ni wa nini. Palikuwa na pointi, vyuma viwili vidogo ambavyo hugusana na kuachana, na kila vinapoachana cheche huzaliwa. Nilizisugua kwa msasa, kisha nikapima nafasi yake kwa kibamba chembamba cha chuma kilichotakiwa kupita kwa shida kidogo, kama kisu kwenye siagi ya baridi. Palikuwa na tapeti, vyuma vidogo vinavyofungua vali za silinda, nazo hurekebishwa injini ikiwa imepoa. Kuka aliogopa tapeti zilizonyamaza kabisa, maana hizo zimebanwa mno. Alitaka zisikike kidogo, kama cherehani ya nyumba ya pili.

Nilikuwa na ujuzi huo wote, na sikuwa na ruhusa ya kuvuka barabara. Wenzangu walikwenda mtoni, walikwenda kuokota mapera, walikwenda Kachibora sokoni na mama zao. Mimi nilisikia kelele zao zikipita nyuma ya ua huku mikono yangu ikinuka petroli. Niliosha kwa majivu na sabuni ya kipande, lakini harufu ilikuja nami hadi mezani, ikakaa juu ya ugali wa wimbi na mrenda wa Kukhu, bibi yangu. Kukhu hakuligusa gari. Alilipitia mbali, na kuni kichwani, kama mtu anayepita kwa mke mwenza.

Gari lenyewe halikwenda popote. Hilo ndilo nilikuja kuliona polepole. Tuliliwasha, tukasikiliza, tukazima. Hata liliponguruma bila kasoro, Kuka aliinamisha sikio. "Kuna kitu hapo. Fungua tena."

Mama alikuja kila baada ya miezi kadhaa, na mkate na nguo zilizonizidi kidogo ili zidumu. Wewe unajua desturi zetu: mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hampi mkono, hamkalii mbele. Mama alisimama kule kwenye migomba, uso chini, na maneno yake yakapitia kwa Kukhu.

"Mwambie mzee nimekuja kumchukua mtoto."

Kukhu akageuka. "Anasema amekuja kumchukua mtoto."

Kuka alikuwa amesikia vizuri. "Mwambie mjukuu wangu hawezi kupanda basi na gari liko nyumbani. Tukimaliza tapeti, nitampeleka mwenyewe."

Safari iliyofuata ilikuwa gasketi. Iliyofuata, kabureta. Mama aliondoka akigeuka nyuma, nami nilibaki nimeshika spana, nikimtazama akipungua barabarani. Usiku nililala nikiliombea gari lile lipone. Nilikuwa naliombea kama mgonjwa, na lilikuwa halina ugonjwa.

Halafu Mama akaleta habari kwamba nimepata nafasi katika shule moja karibu na anapoishi Kanduyi, hapo hapo Bungoma, na muhula unaanza. Safari hii Kukhu hakupeleka maneno tu. Aliweka kikombe cha chai mkononi mwa Kuka, mkono wa kushoto, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mzee, huyu mtoto anaenda. Kwa gari au kwa basi, lakini anaenda."

Kuka akanywa chai hadi ikaisha. "Ataenda kwa gari," akasema.

Jioni ya siku ya mwisho tuliliwasha. Lilishika kwa mara ya kwanza, likanguruma laini, na cherehani yake ikasikika vizuri. Asubuhi jirani yetu, Mwislamu mwenye duka la vipuri karibu na msikiti, alikuja kutuendesha, kwa sababu Kuka hakuweza tena. Alivaa kanzu safi, akasalimu, akaketi kwenye usukani. Mama alisimama kwenye migomba na mfuko wangu. Jirani akavuta choki, akabonyeza starta. Injini ikazunguka, ikazunguka, wala haikushika.

"Labda petroli imeingia maji," akasema Kuka kutoka kwenye kiti chake. "Safari tuiahirishe."

Nikamtazama. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba unatafuta cheche kwanza, petroli baadaye. Nikapanda kreti. Nikachomoa plagi ya kwanza, nikailaza juu ya chuma cha injini, nikamwomba jirani abonyeze starta. Hakuna cheche. Ya pili, hakuna. Nikachomoa waya mnene unaotoka kwenye koili, kopo linalozalisha moto wa cheche, nikausogeza karibu na chuma. Cheche ya buluu ikaruka na mlio mkali. Basi koili ilikuwa nzima, na moto ulikuwa unapotea njiani, ndani ya distribyuta, kile kikombe kinachougawa kwa plagi zote nne. Nikafungua vishikizo viwili, nikainua mfuniko wake.

Rota haikuwepo. Ni kipande kidogo cha rangi ya kahawia, kama kitufe kikubwa, na ndicho kinachozunguka kuupeleka moto kwa kila silinda kwa zamu yake. Hakilegei, hakidondoki. Lazima mtu akichomoe.

Nilishuka nikaenda hadi kwenye kiti. "Kuka, rota iko wapi?"

"Rota gani?"

"Ya distribyuta. Jana ilikuwepo."

Alitazama upande wa mlima, ambao ulikuwa bado umefunikwa na mawingu. Jirani alitoka garini akaanza kukagua matairi, mtu wa adabu yule. Mama hakuinua uso. Mwishowe Kuka akauvusha mkono wake wa kushoto tumboni, kwa taabu, hadi kwenye mfuko wa kulia wa koti, akatoa leso iliyofungwa. Hakunipa. Aliishika.

"Ukienda," akasema, "mimi nitabaki na nini? Na huu?" Akauinua mkono wake uliokufa kwa ule mzima, akauacha uanguke pajani.

Nilikuwa mtoto. Lakini kwa mara ya kwanza niliona kwamba sikuwa peke yangu niliyefungiwa katika ua ule.

Kukhu alikuwa ametoka jikoni, unga bado mikononi. "Utabaki na mimi," akasema.

Kuka akafungua ile leso.

Tulipitia Kiminini, Kamukuywa, Misikhu. Kuka alikaa mbele, sikio kwenye mlio, Mama na mimi nyuma, Mama amejibana kwenye mlango kwa heshima, ameangalia nje njia nzima. Kwenye mlima wa Webuye, jirani alipobadilisha gia, Kuka alisema, "Inapanda vizuri," basi. Kanduyi hakushuka. Alinishika kichwa kupitia dirishani kwa mkono wa kushoto, mkono mzito, kisha akamwambia jirani ageuze kabla injini haijapoa.

Asubuhi yangu ya kwanza kwa Mama niliamka alfajiri nikisubiri kuitwa. Hakuna aliyeniita. Nilitoka uani na mikono mitupu, nikasimama hapo mpaka Mama akaja na chai, akanikuta nalia. Sikuwa na namna ya kumweleza kwamba nilikuwa nimetoka, na nilikuwa sijui niende wapi.

Kuka alifariki nikiwa sekondari. Kwenye matanga nilimkuta Kukhu jikoni na wanawake wengine, nikamshika mikono kumpa pole. Kwenye mistari ya vidole vyake palikuwa na weusi. Niliujua. Ule hautoki kwa majivu wala kwa sabuni ya kipande.

"Kukhu! Ulikuwa unafungua gari?"

"Ningefanya nini? Kila asubuhi, fungua hiki, sugua hiki, kaza hiki. Nimezeeka nikaanza kusoma pointi." Akasogea karibu na sikio langu. "Wewe alishawahi kukuambia umefanya vizuri?"

"Hata siku moja."

"Hata mimi!"

Tukacheka mpaka waombolezaji wakageuka kututazama, na katika kucheka huko yeye akaanza kulia, nami nikamfuata.

Siku hizi ua ule umegawanywa. Baba zangu wadogo na binamu wamejenga vyumba vya kupangisha, na pale kibandani kuna tangi la maji. Kukhu naye ameondoka. Gari lilinunuliwa na mtu wa Kachibora aliyelitaka kwa injini tu. Nasikia aliifunga kwenye kinu cha kusagia mahindi, na ilisaga unga wa watu kwa misimu mingi, imefungwa kwa boliti sakafuni, ikizunguka pale pale. Sikuwahi kwenda kuiona. Nilitaka kwenda, lakini niliogopa kwamba ningeisikia tapeti moja imenyamaza, na hapangekuwa na mtu wa kumwambia.