Mkebe Uliongoja Mvua

Ujumbe uliingia asubuhi nikiwa nashona kola ya sare. Simu yangu ya kugusa, ambayo binti yangu aliniletea kutoka Kibwezi ili niingizwe kwenye grupu la wazazi, ilitetemeka juu ya meza ya cherehani ikaangusha pini zote. Nikavaa miwani nikaifungua. Juu kulikuwa na picha ya maua ya rangi ya pinki ambayo sijawahi kuyaona hapa Kyuso tangu nizaliwe, na chini yake maandishi makubwa: Habari za Majira ya Machipuko.

Nilikisoma kichwa hicho mara tatu. Huku kwetu tuna mvua ya Machi, ambayo ni ya kubahatisha, na tuna mvua ya Novemba, ambayo ndiyo tunayoitegemea, na kati ya hizo mbili tuna jua. Hayo majira ya machipuko yaliingia lini, na mimi nilikuwa wapi? Nilitoka nje nikatazama, maana siku hizi mambo hubadilika bila sisi wazee kuambiwa. Miti ilikuwa mikavu kama jana. Nikarudi kuketi, nikaendelea kusoma nikitumaini maelezo yako chini.

Chini kulikuwa na mambo mengi. Watoto wa Gredi ya Pili wangeimba nyimbo za ndege. Wa Gredi ya Tatu wangepanda mbegu kwenye mkebe nyumbani, waichunguze kila siku kwa wiki mbili, waandike wanachokiona, kisha walete mkebe na daftari siku ya wazazi. Mzazi amsaidie mtoto. Ukishasoma, bonyeza kidole gumba. Nilibonyeza kitu, na jioni mjukuu wangu akaniambia nilikuwa nimetuma uso unaolia.

Huyo mjukuu ndiye aliyenifanya nihangaike na simu katika uzee huu. Alikuwa na miaka minane. Aliachwa kwangu akiwa na mitatu, mama yake alipopata kazi kwenye shamba la mboga kule Kibwezi, karibu na mto, mahali ambapo maji hupita kwenye mipira na sukuma wiki haijui kiangazi. Kila likizo binti yangu alikuja na magunia ya nyanya, akalala siku mbili, akarudi. Mimi na mtoto tulizoeana. Alinishikia taa ya simu nilipotunga uzi kwenye sindano, nami nikamchania nywele huku ananisomea vitabu vyake.

Tatizo lilikuwa masomo yenyewe. Zamani mtoto alienda shule, akarudi, ukamuuliza amekuwa nambari ngapi. Sasa hakuna nambari. Mwaka uliopita ripoti yake ilikuja imeandikwa "anakaribia matarajio." Matarajio ya nani? Nilimuuliza jirani, naye akasema yeye wa kwake yuko "mbali na matarajio" na hajui kama ni mbali ya kutembea au ya kupanda gari. Tulicheka hadi tukashikana mabega, lakini nilipobaki peke yangu sikucheka.

Maana nilijua ni mimi. Mwalimu aliomba picha ya mtoto akiosha vyombo. Nikatuma picha ya mguu wangu. Aliomba kifaa cha kufukuza ndege shambani. Nikamtuma mtoto shuleni na kombeo, kumbe walitaka sanamu ya nguo kuukuu. Kila mara mtoto alirudi akaniambia, "Si kitu, Susu," yaani bibi kwa Kikamba. Binti yangu alipoiona ile ripoti hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwaitu," yaani mama, "ikija hivi tena namchukua. Kuna shule karibu na kwangu." Nikamjibu sawa, nikaenda jikoni nikajifanya moshi umeniingia machoni. Niliogopa. Sikutaka kubaki katika nyumba ile bila mtoto yule, na sioni haya kusema hivyo.

Ndiyo sababu nilipoelewa kwamba safari hii wanataka kupanda mbegu, nilifurahi mpaka nikaacha kushona. Kupanda! Mimi, ambaye nimepanda ndengu katika ardhi hii tangu nikibebwa mgongoni, leo nipewe mtihani wa kupanda? Nilimwambia mtoto aweke daftari tayari, kwa maana shule nzima itakuja kutuuliza sisi.

Tulitafuta mkebe wa mafuta ya kupikia, tukautoboa chini, tukaujaza udongo wa shambani, ule mwekundu. Nilichagua ndengu tatu zilizonona kutoka kwenye mbegu yangu mwenyewe, si ya dukani. Nilimwonyesha kina cha shimo kwa kidole. Tukazifukia, nikamwambia agandamize kwa kiganja kama mimi ninavyogandamiza kwa kisigino. Kisha tukauweka mkebe katikati ya uwanja, mbali na paa, mahali ambapo mvua ikija itaufikia bila kizuizi, na juu nikaweka miiba kuku wasiparue. Ilikuwa kazi safi. Mtoto akaandika siku ya kwanza, akachora mkebe na miiba yake.

Siku ya tatu alirudi shuleni akachuchumaa pale kwa muda mrefu.

"Susu, wengine wanaweka maji."

"Maji ya nini?"

"Ya mbegu. Wanasema ukiweka inatoka haraka."

Nilikuwa nimetoka kupakua mitungi kutoka kwa punda, mgongo unauma, na maji yenyewe yalikuwa ya kututosha siku mbili. Nilimjibu vibaya. "Wewe umeona nani akimwagia ndengu maji? Nani? Ndengu inapandwa kwa vumbi, inangoja mvua. Ukiionjesha maji kidogo halafu uinyime, inaoza. Nani anakulea, mimi au hao wengine?"

Alichukua penseli akaandika kitu, akafunga daftari. Nami niliingia ndani nimeridhika kwamba nimemfundisha jambo la maana.

Mvua haikuja. Siku ya saba wingu lilisimama upande wa vilima vya Nuu tangu saa nane, na upepo ukaleta harufu ya udongo uliolowa wa watu wengine. Mtoto alikimbia akaondoa miiba ili isizuie hata tone moja. Wingu likaondoka. Akairudisha miiba. Nilianza kuwa na wasiwasi, lakini wasiwasi wangu ulikuwa juu ya mbingu tu. Kwamba mkebe si shamba, kwamba mtu anaweza kuunyanyua na kuupeleka mahali penye maji, hilo halikuniingia akilini hata kidogo. Najiuliza mpaka leo lilikuwa limejificha wapi.

Siku ya wazazi binti yangu alikuja moja kwa moja kutoka kwenye basi, na begi lake. Tuliingia darasani wote watatu, mtoto amekumbatia mkebe uliofunikwa kwa leso. Madawati yalikuwa yamesogezwa ukutani na juu yake mikebe imepangwa. Yote ilikuwa ya kijani. Yote. Mingine ilikuwa na maharagwe marefu yaliyofungwa kwenye vijiti, mingine mahindi, mingine ndengu zenye majani manne. Nilisimama mlangoni nikifikiri labda mvua ilinyesha Kyuso nzima ikaruka kwangu.

Karibu nasi alisimama mama mmoja wa buibui, mke wa mfanyabiashara wa ngamia na mbuzi aliyehamia hapa kutoka upande wa kaskazini. Watu wa kwake hawalimi. Mkebe wa mwanawe ulikuwa na kunde iliyotambaa hadi kwenye dawati la jirani. Aliniinamia akaninong'oneza, "Mama, wewe mkulima, niambie. Hii kitu tumepanda ni nini, na inaliwa wapi? Mimi nilikuwa namwaga tu maji yanayobaki kwa birika." Nikamwambia ni kunde, majani yake ni mboga. Akashukuru sana.

Mtoto alipoondoa leso palikuwa na udongo mkavu, umepasuka katikati. Mwalimu, msichana mchanga mwenye upole, aliutazama mkebe, akanitazama mimi, akatazama tena mkebe.

"Shosho, kwani mlikuwa mnaweka maji?"

"Tulikuwa tunangoja mvua," nilisema. Na nilipolisikia neno hilo likitoka kinywani mwangu, mbele ya madawati yale ya kijani, ndipo nilipojua nilichokifanya. Uso uliniwaka moto. Wazazi wawili watatu walicheka, si kwa ubaya, na mzee mmoja nyuma alisema mbona mama ana haki, ndengu huwa zinangoja. Lakini hata yeye mkebe wa kwao ulikuwa umeota.

Mwalimu akamwambia mtoto asome daftari lake kama wenzake. Nilitamani aseme hawezi. Alisimama wima akasoma kwa sauti ileile anayonisomea jioni.

"Siku ya kwanza. Tumepanda ndengu tatu. Siku ya pili. Hakuna kitu. Siku ya tatu. Nilimwambia susu tuweke maji. Susu alisema tungoje mvua. Siku ya nne. Hakuna kitu. Siku ya tano. Hakuna kitu. Udongo una joto. Siku ya sita. Sisimizi amepita juu. Siku ya saba. Wingu lilikuja. Nilitoa miiba. Wingu lilienda. Nilirudisha miiba. Siku ya nane. Hakuna kitu." Aliendelea hivyo hadi ya kumi na nne, hakuruka hata siku moja. "Siku ya kumi na nne. Hakuna kitu. Tunangoja."

Kufikia hapo hakuna aliyecheka. Mwalimu alisema hajapata daftari lililochunguza vizuri kama hili, akamwomba mtoto amwachie alisome tena. Kisha akashika fomu yake ya alama, yenye mstari wa kuchunguza na mstari wa kuotesha, kalamu ikakaa hewani. Sikujua tumefaulu au tumeanguka. Nilimtazama binti yangu ili nisome uso wake, nikakuta ameinama anafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka.

Tulipotoka, mtoto alikimbilia wenzake. Binti yangu akasimama kando ya ukuta.

"Mwaitu, nitamchukua wakifunga."

"Ni makosa yangu, si yake. Mwaka ujao nitauliza kwa grupu. Nitauliza kila kitu."

"Si mambo ya alama." Alihamishia begi lake bega jingine. "Umesikia akisoma? Hiyo ni mimi. Hiyo daftari ningeweza kuiandika mimi nikiwa kama yeye. Sikulaumu, mwaitu, ulinilea vizuri. Lakini nililelewa nikingoja mvua, na sitaki yeye angoje."

Nilikuwa na maneno mengi ya kumjibu. Kwamba tuliishi. Kwamba hakuna siku alilala njaa, au kama ipo, mimi nililala njaa mara mbili yake. Kwamba kungoja nako ni kazi, na si kila mtu anaiweza. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililofaa pale. Nikamwambia sawa, safari hii bila moshi wa kusingizia.

Waliondoka shule ilipofungwa. Mtoto alibeba vitabu vyake vyote, na kwenye meza ya cherehani akaniachia lile daftari, ambalo mwalimu alikuwa amelirudisha, na penseli juu yake. "Uendelee kuandika, Susu," akasema. "Bado haijatoka." Sikumwelewa. Nilidhani anacheza.

Siku ya kwanza bila yeye nilishona mkono wa sare upande usio wake, nikafumua, nikashona tena vilevile. Nikatoka nje. Mkebe, ambao mtoto aliurudisha siku ileile ya wazazi, ulikuwa palepale katikati ya uwanja na miiba yake, na mbingu nyeupe bila hata kipande cha wingu. Nilizunguka mkebe ule mara mbili. Nikaenda kwenye mtungi nikachota maji kwa kikombe chake cha bati, kile cha uji, nikatazama njiani kama kuna jirani anayepita, kwa maana sikutaka kuulizwa mtu mzima wa Kyuso anafanya nini. Kisha nikamwaga. Udongo ulikunywa kwa sauti. Kesho yake nikamwaga tena, na siku iliyofuata, nikijiambia kila mara kwamba najaribu tu na kwamba zimeshaoza.

Asubuhi ya siku ya tano niliondoa miiba nikaona kitu kimejikunja, cheupe chini na kijani juu, kimebeba udongo kichwani. Moja. Kufikia mchana zilikuwa mbili. Nilikaa chini kwenye vumbi na magoti yangu haya, nikazitazama, na sikujua kama ninafurahi au ninaona aibu. Sijui mpaka sasa. Nilichukua daftari nikatafuta ukurasa, lakini mwandiko wake ulinizuia, nikalifunga. Nikapiga simu Kibwezi.

"Susu!" Nyuma yake nilisikia maji yakitiririka, mabomba ya shamba la mama yake.

"Zimetoka," nikasema. "Mbili."

"Kwani mvua imenyesha?"

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi, nami ningebaki kuwa mtu anayejua ndengu.

"Hapana. Haijanyesha. Ni mimi nimeweka maji."

Nilingoja anicheke, au aniambie kwamba alinieleza tangu siku ya tatu. Alikuwa na haki yote.

"Basi weka na kesho, Susu," akasema polepole, kwa sauti ile niliyokuwa nikimfundishia mimi. "Usingoje."