Nilivyomfuta Yaya kwenye Picha ya Mwewe

Miaka ile nilikuwa mtu wa kutotulia. Nikikaa, mguu unacheza. Nikilala, mikono inatafuta kazi. Na Mungu alivyo na mzaha, aliniozesha kwa mpiga picha wa mtaa wa Mangobo, mwanamume mpole ambaye kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasitikisike.

Yeye alipiga picha chumba cha mbele, mimi nilizitengeneza chumba cha nyuma, dirisha likiwa limezibwa kwa blanketi. Picha za vitambulisho, za maarusi, za watoto wa komunyo ya kwanza. Kwa penseli iliyochongwa kama sindano niliondoa vipele na makunyanzi. Kwa wino mwekundu nilifuta ukuta mchafu nyuma ya bibi arusi, maana kwenye negativu, ile filamu iliyosafishwa, kila unachokipaka wino hutoka cheupe kwenye karatasi. Kwa kisu chembamba nilikwangua, na palipokwanguliwa hutoka peusi. Nilikuwa hodari. Lakini zile shingo zilizokazwa, yale macho yanayoogopa kupepesa, yalinichosha hadi nikatamani kupiga kelele.

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa, alikuwa mvuvi kule kwenye maporomoko ya mto, kama baba yetu kabla yake. Asubuhi moja nilimpelekea lituma, zile ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma. Nikamkuta juu ya majukwaa ya miti, anavuta kikapu kikubwa kutoka kwenye maji yanayonguruma, na juu ya kichwa chake mwewe wanne wanazunguka. Mmoja alishuka, akanyakua utumbo wa samaki, akageuka hewani kana kwamba upepo una kona. Chakula kikapoa mikononi mwangu.

"Nipe kamera," nilimwambia mume wangu jioni hiyo.

"Ya kupiga nani?"

"Ndege."

Alinitazama kama anayesubiri nimalizie utani. "Mama, ndege haikae. Nani atamuambia asitikisike?"

"Ndiyo maana ninamtaka."

Hakukubali, wala hakukataa. Lakini Jumamosi ile alibakiza picha tatu kwenye filamu, akaiweka kamera mezani karibu na baiskeli, akatoka.

Jumapili nyingi zilipita hivyo, picha tatu kila mara. Niliporudi na kusafisha filamu nilipata mbingu tupu, mkia, au ukungu mweusi uliopita kama moshi wa lori. Mume wangu hakunicheka, na hilo liliniudhi zaidi. Aliyenisaidia ni yaya.

"Unafuata ndege," aliniambia. "Usimufuate. Weka macho kwa mukono yangu. Kama ninainua samaki, yeye atakuja. Hapo ndipo unapiga."

Akapanda hadi ncha ya mti uliotokeza juu ya maji, akashika kwa mkono mmoja, mwingine akaunyoosha na matumbo ya samaki. Mguu uliteleza. Alizama hadi kiunoni, nikapiga yowe, wenzake wakacheka. Akapanda tena, maji yakimchuruzika, akanyoosha mkono tena. Mwewe akashuka. Nikapiga.

Nilijua nimempata hata kabla ya kusafisha filamu. Mabawa wazi, kila unyoya unahesabika, miguu imenyooshwa mbele, na chini yake yaya, mdomo wazi kwa kicheko. Siku tatu niliitazama negativu ile. Siku ya kwanza nilifurahi. Siku ya pili miti ya majukwaa ikaanza kuniwasha macho, nikaipaka wino, moja baada ya nyingine. Siku ya tatu nikapaka maporomoko. Akabaki yaya peke yake, amesimama juu ya kitu kisichokuwepo, kama mtu aliyechelewa kuondoka. Nikampaka naye. Kuanzia miguu. Sikuona ubaya wowote. Mkono ulikuwa unakimbia, nami naufuata. Ncha ya bawa haikuwa kali, nikaikwangua kwa kisu. Nikaichapa kwenye karatasi, na ilipokauka nikaichovya kwenye chai nzito, ikapata rangi ya dhahabu.

Mwewe mmoja, na utupu pande zote. Mume wangu akaibandika kwenye dirisha la mbele, kati ya picha za maarusi.

Wiki iliyofuata yaya alikuja Mangobo. Alivaa shati lake jeupe la kanisani, na alikuja na mke wake na wavuvi wawili, maana kambi nzima ya wavuvi alikuwa ameshaiambia kwamba yumo ndani ya picha. Wakasimama mbele ya dirisha. Mimi nilikuwa mlangoni.

"Alors," alisema, "miye iko wapi?"

"Yaya, niliona ndege peke yake anapendeza zaidi."

"Peke yake?" Aligusa kioo. "Nani alimuita? Mutu mwenye alimuita iko wapi?"

Wale wavuvi walitazama viatu vyao. Nilikuwa nimepika, yaya hakuonja. Wifi yangu ndiye aliyeaga kwa niaba yao.

"Vipele unaondoa vizuri," mume wangu alisema walipokwisha kwenda. "Huyu umemuondoa mwili mzima."

Sikuweza kukaa. Nikarudi chumba cha nyuma, nikaiosha negativu kwenye maji, taratibu, kwa pamba. Wino ukatoka, karibu wote. Yaya akarudi kama anayetembea kwenye ukungu wa asubuhi. Ila mkono. Nilipoikwangua ile ncha ya bawa, vidole vyake vilikuwa papo hapo chini ya wino, nami nilikuwa nimevigeuza manyoya. Kisichokuwepo tena hakioshwi. Kwenye picha mpya ilionekana wazi kwamba kaka yangu amemkamata mwewe bawa.

Niliipeleka hivyo hivyo, kwa baiskeli, siku ya kazi, mwendo ukinitoa jasho.

"Nimekurudisha," nilimwambia. "Mkono tu niliuharibu. Unisamehe."

Aliweka kidole juu ya bawa. "Mimi sikumushika."

"Najua."

"Watu watasema niko muongo."

"Basi nipe, niichane."

Hakunipa. Aliifunga ndani ya kitambaa, akairudia kazi yake. Miezi kadhaa hakunyoosha mkono kwa ajili ya kamera yangu, nami nilikwenda kila Jumapili, napiga mbingu, narudi, nashindwa kukaa.

Mwaka uliofuata nilimkuta na wageni kutoka Bafwasende, picha iko mikononi mwao. Alikuwa amesimama, mkono juu, anaeleza jinsi bawa lilivyompiga shavuni, jinsi alivyolishika, jinsi ndege alivyolia kabla hajamwachilia. Wale watu walikuwa wamesahau kufunga midomo. Aliponiona hakunyamaza hata kidogo.

"Muulizeni dada yangu," aliwaambia. "Yeye ndiye alipiga ile foto. Alikuwa hapo."

Wote wakanigeukia. Kamera ilikuwa shingoni mwangu, na juu yetu mwewe wanazunguka.

"Nilikuwa hapo," nikasema.